Taarifa Nzima au Hakuna

Kasyoka alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya kikundi cha wakulima pale Maungu. Watu wa vijiji vya Kasigau walimpigia simu kumwambia ndovu wako wapi, naye akiingiza taarifa kwenye database, hifadhi ya taarifa ya kompyuta, wakulima wote walipata ujumbe kwenye simu zao.

Alasiri moja ya Mei, stima ilipotea kabla taarifa haijamaliza kuhifadhiwa. Iliporudi, kompyuta ilikuwa imeshika nusu: saa mpya, mahali pa zamani. Ujumbe ukatoka hivyo hivyo. Mzee Kituku wa kijiji cha Makwasinyi alipousoma akadhani ndovu wako mbali, akaenda kuvuna ndengu. Akakutana nao shambani. Katika kukimbia alianguka, akavunjika mkono.

Kasyoka alimfuata hospitalini. "Mzee, kosa ni langu."

"La stima, mwanangu."

"Stima itapotea tena. Kompyuta haifai kudanganya watu."

Alikuwa amesoma kwamba kuna mfumo mpya wa faili usioandika juu ya data ya zamani. Huandika mabadiliko pembeni, na yakikamilika yote, ndipo huyaweka mahali pake kwa mara moja. Stima ikikatika katikati, data ya zamani hubaki kama ilivyokuwa. Akaamua kuitupa ile database. Kila taarifa iwe faili, na mfumo wenyewe uibebe kazi ya kuilinda.

"Utajuaje kama mfumo huo unafanya kazi?" aliuliza Alexander, katibu wa kikundi.

"Nitachomoa waya wa stima."

Akachomoa, akawasha, akakagua, akachomoa tena. Mara ya arobaini na moja, taarifa nusu ikatokea.

"Si uache tu?" Alexander akasema.

Kasyoka akarudi kwenye kompyuta. Alitafuta kosa siku tatu, akagundua diski ilikuwa inasema imeandika kabla haijaandika. Akaizima tabia hiyo, akaanza kuhesabu upya kutoka moja. Alifika mia tano bila nusu hata moja.

Novemba mvua iliangusha nguzo ya stima wakati anahifadhi taarifa ya Ndila, mkulima wa Makwasinyi. Stima iliporudi, taarifa hiyo haikuwepo kabisa, na hakuna ujumbe uliotoka. Kasyoka akachukua simu.

"Ndila, ndovu wako wapi?"

"Si nimekuambia sasa hivi?"

"Umeniambia. Niambie tena."

"Wako bwawani, saba, na mtoto mmoja."

Akaandika. Dakika hiyo hiyo simu za Makwasinyi zikaanza kulia.