Mama Anayetafsiri Masultani

Katika ukumbi wa video wa Kasongo, Muzaliwa, mchimba dhahabu kutoka Kabambare, hupenda kukaa karibu na mama anayetafsiri tamthilia za masultani. Mfasiri huyo husoma maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya kioo cha televisheni na kuyatoa kwa Kiswahili, mtandio umekazwa nyuma ya masikio. Humpa sultani sauti nzito. Humtaja malaika wa mauti kwa kunong'ona. Panga zikianza kugongana hunyamaza, akanywa chai yake. Lakini mazungumzo yakigeukia Mungu na kadari, kikombe hukiweka chini, wala haruki neno.

Alasiri moja, ndani ya tamthilia, mjane aliyefiwa na mwanawe vitani alimwuliza shehe: kama Mungu ndiye aliyeandika kifo hiki, kulia kwangu si kumpinga? Wachimbaji waliojaa ukumbini wakachoka. "Peleka mbele, tunataka vita," mmoja akasema. Muzaliwa alimkazia macho mjane. Mdogo wake alikuwa amefukiwa na shimo la dhahabu mwezi uliopita, naye hakuwa amelia bado.

Mfasiri akaweka telekomande ya video chini ya paja. "Huyu mujane ameuliza. Hatumuachi bila jibu. Mwenye haraka, mulango iko wazi."

Wawili wakatoka. Shehe akajibu, na mama akatafsiri polepole: "Machozi yako pia yaliandikwa."

Muzaliwa akainamisha kichwa, akaanza kulia. Mfasiri alimtupia jicho mara moja, akakigeukia kioo, akaendelea kwa sauti kubwa kuliko siku zote, mpaka ikakimeza kilio kile.