Chupa ya Jumapili

Baa ya baba iko ng'ambo ya mtaa wa Mountain View, upande wa Kangemi, nyuma ya bucha. Aliifungua kabla barabara ya Waiyaki Way haijapanuliwa, na siku hizi anayeiendesha ni kaka yangu. Baba alipomkabidhi funguo alitoa sharti moja tu: muziki wa Jumapili alasiri usikatizwe mpaka wanamuziki wenyewe waamue kuacha. Kaka alitaka dijei na skrini kubwa ya mpira. Alikubali shingo upande.

Wanamuziki walikuwa wawili, wazee kutoka magharibi mwa nchi. Mmoja, fundi bomba, alipiga gita. Mwenzake, seremala aliyestaafu, alipiga chupa. Asiyeujua muziki huo hucheka akiambiwa hivyo, kisha huacha kucheka. Ilikuwa chupa ya soda, ya kioo, yenye mistari ubavuni. Mzee aliikwaruza na kuigonga kwa msumari mrefu, na gita likafuata. Bila chupa gita lilitangatanga kama mgeni anayetafuta nyumba ya watu.

Chupa ilikuwa ileile miaka yote. Akimaliza kupiga, mzee aliisuuza na kuirudisha mwenyewe kwenye rafu ya kaunta, kando ya leseni, mdomo chini. Hakuwahi kutuambia kwamba atarudi wiki ijayo. Tukiiona chupa pale, tulijua.

Ijumaa moja mwaka huu lori la soda likaja. Mwenye baa yeyote anajua kwamba hupewi kreti mpya bila kurudisha chupa tupu, na kreti yenye pengo hukataliwa. Kaka, aliyekuwa ameacha kazi ya ofisini mjini juzijuzi tu na hajaijua desturi ya ile chupa, aliona pengo moja, akaona na chupa kwenye rafu. Akaziba pengo kwa chupa hiyo, lori likaondoka nayo. Hakukusudia ubaya, najua, lakini nilimkasirikia, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo.

Jumapili mzee alinyoosha mkono rafuni bila kutazama, kama kawaida yake. Mkono ukagusa ubao mtupu. Kaka akamweleza jinsi ilivyokuwa, akaomba radhi.

"Lakini mzee, si chupa ni chupa tu? Nakuletea kreti nzima uchague."

"Ile nimeipiga tangu baba yako akiwa na nywele," mzee alisema. "Lakini leta."

Alizigonga zote, moja baada ya nyingine, sikio karibu na kioo. Wateja waliacha maongezi. Baba, pale mezani pake karibu na mlango, aliinamisha kichwa akisikiliza. Mwishowe mzee alichagua moja, wakapiga. Kwangu mimi muziki ulikuwa uleule. Watu walicheza, nyama ikaagizwa, na kaka akaanza kutabasamu.

Jua lilipoelekea kutua upande wa Kikuyu walimaliza. Mzee aliisuuza chupa akaja nayo kaunta, nami nikasogea kumpisha aifikie rafu. Hakuifikia. Aliinama akaitia kwenye kreti pamoja na zile nyingine, kisha akatuaga kwa mkono, mmoja mmoja, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Baba alingoja mpaka wazee wote wawili wakatoka, ndipo akamgeukia kaka.

"Haya," alimwambia. "Sasa ita dijei wako."