Malenge Yangu na Mikono ya Mama

Sisi watoto wa mtaa wa Karagita tulijiona wataalamu wa mimea hata kabla mwalimu wa kilimo hajafungua mdomo. Kwani mama zetu si walishinda kwenye mashamba ya maua wiki nzima? Si walirudi jioni mikono imechanwa na miiba, nguo zinanuka dawa? Kwa hivyo tulipoingia gredi ya saba na somo la Kilimo na Lishe likaanza, tulienda kwenye shamba la shule vifua mbele. Mwalimu wetu alikuwa mama mfupi mwenye gambuti nyekundu miguuni, mtu wa kucheka sana. Akauliza nani anajua mambo ya mimea. Mikono yote juu. Akauliza nani amewahi kula kitu alichopanda mwenyewe. Mikono ikashuka, tukaanza kuangaliana.

Tulianza na udongo. Udongo wa kwetu huku karibu na ziwa ni mwepesi kama majivu, ukimwaga maji yanapotea hivi hivi ukiangalia. Mwalimu akatufunza kuchimba shimo, kulijaza majani makavu na samadi ya mbuzi, kurudisha udongo, kisha kufunika na nyasi ili jua lisiunyang'anye maji. Akatufunza kumwagilia shinani, na asubuhi, si jua likiwa kali.

"Wewe ukimwagiwa maji kichwani saa saba mchana utafurahi?" alituuliza.

Mimi kusema kweli ningefurahi sana, na lile joto.

Kila mmoja alipewa shimo lake achague cha kupanda. Mimi nikaenda kumuuliza mama, ingawa nilijua mama na mimea hawapatani. Ungemlaumu? Kutwa nzima yuko ndani ya grinihausi, zile nyumba za plastiki za maua, halafu arudi nyumbani apalilie tena? Chumba chetu hakikuwa na hata jani moja. "Majani nimeona ya kutosha," ndiyo ilikuwa kauli yake akivua viatu. Lakini jioni hiyo nilipomweleza kuhusu shimo langu, alisimama na kiatu kimoja mkononi.

"Mimi kila siku nalea maua ya watu wa ng'ambo, hata hawanijui," akasema. "Wewe nipandie kitu cha kula. Nipandie malenge. Nitaomba ofu kazini siku ya wazazi, nije niichukue mwenyewe."

Aki nilikaribia kuruka! Mama hakuwa amewahi kuja siku ya wazazi, hata mara moja. Kila mwaka alikuja shangazi, au jirani, au hakuja mtu na mimi nikajifanya sijali. Sasa angekuja, na angekuja kwa sababu ya malenge yangu.

Basi nikailea. Maji ya kuoshea mboga niliyabeba kwa mtungi mpaka shuleni, yakinimwagikia njiani, soksi zikalowa. Niliiongelesha. Wenzangu wakaanza kuniita Mama Malenge, nami nikawaacha waseme, kwa sababu majani yangu yalikuwa makubwa kuliko ya mtu yeyote. Halafu maua yakaanza.

Sasa, kuna kitu kimoja ambacho mtoto wa Karagita hukijua tangu utotoni. Waridi hukatwa likiwa bado limefumba. Likifunguka shambani limeharibika, halitafika ng'ambo likiwa zuri, na supavaiza atataka kujua ulikuwa umelala wapi. Mama alitufunza hivyo nyumbani, mimi na dada yangu, akituonyesha kwa kijiko kana kwamba ndicho waridi. Kwa hivyo nilipoona maua ya malenge yameanza kuvimba na ncha zimegeuka manjano, nilijua la kufanya. Kila asubuhi niliyawahi. Nilikata yote, hata yale yaliyokuwa na kitu cha mviringo hapo nyuma, ambacho nilidhani ni ugonjwa. Siku moja nikafunga fungu zuri kwa raba, vichwa vimelingana sawasawa, nikampelekea mwalimu mezani. Nikasimama pale nikingoja sifa.

"Haya yametoka wapi?"

"Kwa malenge niliyompandia mama, madam. Nimeyawahi kabla hayajafunguka."

"Woi! Mtoto wangu!"

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Alipoona mimi sicheki, akaacha. Akachukua ua moja lenye kile kitu cha mviringo, akakipasua kwa ukucha. Ndani kulikuwa na mbegu changa, nyeupe, ndogo mno.

"Malenge yenyewe ndiyo hii," akasema polepole. "Ua lazima lifunguke, nyuki aingie, ndipo hii ikue. Umekuwa ukikata chakula cha mamako."

Nililia, jamani. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia na mimi nilikuwa na majani matupu. Mwalimu akanifuta uso kwa leso yake mwenyewe, akaniambia malenge haina kinyongo, nikitoa mikono yangu hapo itachanua tena.

Ikachanua, lakini kwa maringo yake. Siku ya wazazi ilipofika, wenzangu walikuwa wanavuna mboga za sukuma na dania, mimi nina ua moja. Lilikuwa limefunguka asubuhi hiyo, kubwa, la manjano, na nyuma yake kimalenge kidogo kama gololi. Mama akaja. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na amebeba kikapu kitupu. Nilikuwa nimepanga kumweleza yote getini, lakini nikaona kile kikapu, nikageuka nikaongoza njia ya shambani.

"Haya, iko wapi?" akauliza tulipofika kwenye shimo.

Nikaonyesha ua. Na haki ya Mungu, kabla sijasema neno, mkono wake ukaenda wenyewe. Vidole vikashika kikonyo, tayari kukata.

"Mama! Usikate!"

Shamba zima likageuka. Mama akautazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Nikamweleza yote bila kupumua, maua, raba, mbegu, na kwamba hakuna cha kubeba. Nilidhani atakasirika. Akaangua kicheko.

"Kumbe kazi nilikufunza vizuri hivyo!"

Kisha kicheko kikakatika. "Miaka yote hii," akasema, "sijawahi kuacha ua hata moja nikaona linaishia wapi."

Akaweka mikono nyuma, kama mwanafunzi kwenye gwaride, akainama. Nyuki alikuwa ndani. Hotuba zikaanza, watu wakaenda kukaa, yeye akabaki pale pale.

Alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Lakini kila jioni aliniuliza, "Imefika wapi?" mpaka siku tulipoila na chai, na akachukua mbegu akazipanda kwenye ndoo iliyopasuka, mlangoni petu. Siku hizi, akitoka asubuhi kwenda kazini, husimama kwanza hapo. Akikuta ua limefunguka, huweka mikono nyuma, huinama, hulitazama. Kisha hunyanyuka na kwenda kukata mengine. Mimi nikiwa na kikombe changu cha chai mlangoni, nampenda sana, na natamani kumwita arudi.