Mikono ya Cleophas na Magurudumu ya Nyuma

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mteremko baada ya Nyansiongo, asubuhi, lami ikiwa kavu na barabara tupu. Cleophas alikata kona ile kama alivyoikata tangu enzi zake za kuendesha lori la majani chai. Katikati ya kona, sehemu ya nyuma ya gari ikasogea. Haikuteleza. Dereva wa milimani anakujua kuteleza: matairi hulia, au tope hulegea chini yako. Hii ilikuwa kama mtu amelishika gari kiunoni, akalisukuma pembeni, kisha akaliachilia.

Alirudisha usukani na gari likatulia. Kwenye kiti cha nyuma Mama Chandrakala, mke wa Lalit mwenye duka la sare za shule mjini Kisii, aliinua kichwa.

"Ni shimo?"

"Shimo, Mama."

Hapakuwa na shimo. Cleophas alijua hivyo kabla hajamaliza kulitamka neno, na kuanzia hapo hadi Keroka aliendesha polepole kiasi kwamba mkokoteni ungeweza kumpita.

Kilichomtia hofu hakikuwa kona. Kaka yake mkubwa, Ondara, alikuwa dereva pia, na maradhi yalimwanzia mikononi. Kwanza alikuwa akiangusha vitu vidogo, funguo, kijiko. Halafu siku moja mkono ulivuta usukani bila yeye kuutuma, na lori likaingia kwenye shamba la mahindi la watu. Sasa Ondara hukaa nyumbani Sironga akilishwa na mkewe, na watu wanaopita huongea kwa sauti ya chini kana kwamba amelala. Cleophas alikuwa amefikia umri ule ule ambao Ondara alianza kuugua.

Alianza kujipima kwa siri. Alfajiri alijaza chai kwenye kikombe hadi ukingoni, akakibeba kutoka jikoni hadi mlangoni huku ameikazia macho chai ile.

"Wewe unacheza na chai?" mkewe, Bonareri, alimuuliza. "Kunywa, inapoa."

Chai haikumwagika. Lakini hata Ondara, siku nyingi, hakumwaga kitu. Maradhi yale yalikuja na kuondoka yalivyotaka, na hilo ndilo lililomnyima Cleophas usingizi.

Mara ya pili walikutana na lori la ndizi likipanda mlima. Gari lilirusha mkia wake kuelekea kwa lile lori, na kioo cha pembeni kikakwangua turubai. Mama Chandrakala alipiga ukelele wa Kigujarati ambao haukuhitaji kutafsiriwa. Cleophas alisimamisha gari kando ya barabara, akabaki ameushika usukani, akiitazama mikono yake kama mtu anayetazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata mgeni.

Jioni Lalit hakufoka. Aliuliza kwa upole, na upole ule ulitisha kuliko kelele.

"Cleophas, macho yako iko sawa?"

"Yako sawa, mzee."

"Na mwili?"

"Sawa."

"Basi peleka gari kwa Manasseh. Kama gari haina kitu, mimi itabidi nitafute dereva kijana. Huyo ni mama ya watoto yangu unabeba."

Manasseh alikuwa fundi wa uwanja wa wazi, mwenye mti mmoja wa kivuli na wateja wengi. Aliliinua gari kwa jeki, akayatikisa magurudumu, akapima upepo wa matairi, akapenyeza nondo kwenye kila kiungo cha chini akisikiliza kama kuna kinachocheza. Hakupata kitu.

"Gari iko imara, tata," alisema akijipangusa mikono. "Labda dereva ndiye alegeaye. Lala hapa chini nikukaze nati."

Waliokuwa karibu walicheka. Cleophas alicheka pia, mikono ikiwa mifukoni. Kumwita mtu tata, yaani baba, ni heshima kwa Ekegusii, na heshima hiyo ilifanya mzaha ule uchome zaidi.

Mama Chandrakala ndiye aliyezuia mambo yasiishie hapo. Alikuwa ametembea kutoka dukani, na alisimama kati ya mapipa ya oili bila kujali sari yake.

"Fundi, mimi nakaa nyuma, huyu anakaa mbele," alisema. "Akikata kona vibaya, bega langu linagonga mlango. Hiyo naijua, ameniendesha miaka mingi. Hii ni nyingine. Kiti kinaondoka chini yangu wakati mikono yake imetulia. Nilikuwa naiangalia. Wewe baada ya zile mvua kubwa ulifanyia gari hii nini?"

"Si kitu, Mama. Usukani ulikuwa umekaa upande kwa sababu ya mashimo. Niliunyoosha tu."

Kunyoosha usukani, kwa mafundi wa uwanjani, ni kuung'oa kwa nyundo na kuurudisha ukiwa umenyooka, hata kama magurudumu yenyewe bado yameelekea kando. Magari ya zamani huvumilia.

"Kisha?"

"Kisha kukawaka taa pale mbele ya dereva."

"Taa gani?"

"Ile yenye maandishi ya Kijapani. Nani atayasoma? Nikatoa balbu. Mteja akiona taa anaogopa bure."

Hakuna aliyecheka. Cleophas alitoa mikono mifukoni.

Mama Chandrakala alirudi dukani akampigia simu Abhishek, mpwa wake anayeuza vipuri Nairobi. Alirejea na maelezo mafupi. Gari lile, lililonunuliwa Mombasa likitokea Japani, lilikuwa la aina ambayo magurudumu ya nyuma nayo hukata kona kidogo linapokwenda kasi. Hayaamriwi na chuma bali na umeme. Chini ya usukani kuna sensa, kifaa cha duara kinachopima usukani umezungushwa kiasi gani. Nyundo ikikilegeza, kifaa hicho huyapa magurudumu ya nyuma habari za uongo. Abhishek alisema dawa ya kujua ukweli ni kuchomoa waya wake. Taa itawaka, na magurudumu ya nyuma yatakaa yamenyooka.

"Na kama yamenyooka, na bado gari ikaruka?" Cleophas aliuliza.

Mama Chandrakala alisita. "Basi si gari."

Walikwenda hadi kwenye mteremko ule ule wa Nyansiongo. Mama alishuka kwenye kibanda cha chai juu ya kilima, akabaki amesimama na mwavuli. Manasseh aliirudisha balbu, akapenyeza mkono chini ya usukani, akachomoa waya. Taa ya njano ikawaka. Fundi akakaa kando ya dereva, kwa sababu ndiyo desturi yao: kazi yako, uipande mwenyewe.

Cleophas aliongeza mwendo. Kona ilipofika alihisi kila kidole chake peke yake, kana kwamba vyote ni vya watu mbalimbali. Gari likapita limetulia kabisa.

"Umeona?" Manasseh alisema. "Twende nyumbani."

"Bado."

"Bado nini?"

"Kuna siku haikuruka hata waya ukiwa ndani. Rudisha waya."

"Una wazimu?"

"Rudisha, fundi. Halafu endesha wewe."

Manasseh alitazama juu kilimani, ulipokuwa mwavuli. Angeweza kukataa. Lakini alikuwa amemwambia mtu huyu alale akazwe nati, mbele ya watu. Alirudisha waya, wakageuza gari, wakapanda hadi juu, wakabadilishana viti. Cleophas aliweka viganja juu ya magoti, wazi, pale ambapo angeviona.

Wakashuka kwa kasi ile ile. Wakaingia kwenye kona. Mkia wa gari ukaruka kuelekea bondeni.

"Tata!" Manasseh alilia, akikanyaga breki, akizungusha usukani huku na huku. Nyasi za ukingoni zilichapa mlango. Cleophas aliliona bonde kupitia dirisha lake, mashamba ya chai na mabati ya nyumba, yote yakiwa chini mno, na hofu ikampanda hadi kwenye meno. Hakunyanyua mikono. Ilikuwa imelala juu ya magoti, haijagusa kitu, na gari lilikuwa likirukaruka bila mikono hiyo.

Liliposimama, tairi moja lilikuwa juu ya mtaro. Manasseh alifungua mlango, akachuchumaa kando ya barabara akipumua kwa kinywa.

Cleophas alishuka, akazunguka mbele ya gari na kukaa kwenye kiti cha dereva. Jasho lilikuwa limelowesha mgongo wake wote. Mama Chandrakala alikuwa akiteremka mlima mbio, mwavuli ukiwa umepinduka.

"Fundi," Cleophas aliita, "njoo uchomoe huo waya. Mama amechoka, nataka kumpeleka nyumbani."