Siku Tuliyoisafisha Kamulila

Sabuni yenye manukato ya maua, ile wanayowekewa wageni kwenye hoteli, siwezi kukaa nayo chumba kimoja. Wanangu wanadhani ni ukaidi wa uzee. Nikiinusa tu ninarudi moja kwa moja kwenye kijito cha Kamulila, nyuma ya mashamba ya Mikelenge, hapa Kindu, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi. Nchi ilikuwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na kila asubuhi tuliimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya kufungua daftari. Kamulila haikunukia maua. Ilinuka majani yaliyooza, matope meusi na magogo yaliyolala majini tangu mama yangu hajazaliwa, na kwetu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya chakula.

Kijito kile kilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ulikuwa mikononi mwa wanawake. Mvua zilipoanza, mama alikwenda kwenye bwawa la katikati, akachukua kuti changa la mchikichi na kulifunga kukatiza njia, toka mti huu hadi ule. Fundo likishafungwa, hakuna aliyetia ndoana wala mguu mle, awe Mwislamu wa mtaani kwetu au mfanyabiashara Mkristo aliyehamia juzi kutoka Kivu. Samaki waliachwa wazae chini ya magogo. Kiangazi kilipokolea na maji kupungua, mama alilifungua fundo mbele ya wenzake wote. Wakajenga kuta mbili za fito na udongo, wakayachota maji ya katikati kwa mabakuli na vikapu, huku wakitaniana maneno ambayo sisi watoto tulijifanya hatuyaelewi, mpaka kambare wakabaki wakigaragara kwenye matope. Samaki wale walikaushwa kwa moshi wakatulisha miezi mingi, na waliojifungua walipewa fungu lao kwanza. Mama alikuwa mjane, msuka mikeka, hana cheo serikalini wala kwenye chama. Cheo chake kilikuwa lile fundo.

Mwaka huo mvua zilikuwa zimekwisha anza, na mama alikuwa amekwenda Kampene kwenye msiba wa dada yake, alipokuja bwana mmoja kutoka Kinshasa. Watu wote walimwita Sitwayen Direkta, yaani Raia Mkurugenzi. Alivaa abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai ya wakubwa wa wakati ule, na alisema ametumwa kuulinda msitu wetu, ili wahandisi wa migodi ya Kalima na wageni kutoka mbali waje kupumzika na kuona uzuri wa nchi. Alikuja mpaka shuleni. Alisimama mbele ya darasa letu akauliza kwa upole, "Watoto, nani anajua fasi yenye maji iko muzuri, ndani ya pori, na haiko mbali?" Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Mimi ndiye niliyecheza mstari wa mbele siku za kuwapokea wakubwa, nimezoea kupigiwa makofi, na tulikuwa tumefundishwa kwamba mgeni wa chama anapewa kile kilicho bora. Kilicho bora nilichokijua kilikuwa bwawa la mama. Niliwaongoza mwenyewe, yeye na mwalimu, nimevaa sare, na tulipofika kwenye kuti nililifungua fundo kwa vidole vyangu ili Direkta asilazimike kuinama. Alinishika kichwa akanisifu.

Kisha akalitazama bwawa na kukunja pua. "Fasi iko muzuri, lakini maji iko muchafu," alimwambia mwalimu wetu. "Mutoe ile miti yote." Jumamosi iliyofuata ikawa salongo, ile kazi ya umma ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikwepa, na shule nzima ikapelekwa Kamulila. Tulivuta magogo kwa kamba. Tuling'oa mizizi iliyoning'inia majini, tukakomba majani na matope kwa mikono, tukabeba mchanga mweupe kutoka kingo za mto mkubwa na kuumwaga mle. Vifaranga vya samaki vilirukaruka kwenye matope tuliyoyatupa kando, na mwalimu akatuhimiza tusipoteze wakati. Tuliimba siku nzima, tena kwa furaha, na hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Ilipofika alasiri maji yalikuwa maangavu, unaona hadi chini, na chini hapakuwa na kitu.

Mama aliporudi alikuta kibao kimesimama pale alipokuwa akifunga kuti lake. Kiliandikwa kwa Kifaransa na Kiswahili kwamba msitu huu unalindwa, ni marufuku kuvua na kukata kuni. Marufuku hiyo ilikuwa yetu sisi. Wageni walikuja na magari yao kila mwisho wa juma, wakayaosha ndani ya kijito mpaka mafuta yakatandaza rangi juu ya maji. Walikata miti michanga wapate nguzo za mahema ya kivuli, kana kwamba miti yenyewe haikuwa kivuli. Walijipaka sabuni ya maua, wakaogelea, wakaacha povu, chupa na makopo, wakaondoka wakisema wamepumzika vizuri katika maumbile. Mama aliniuliza mara moja tu ni nani aliyewaleta. Nilimwambia ukweli. Hakunipiga, na ni afadhali angenipiga.

Kiangazi kilipofika wanawake walikwenda hivyo hivyo, siku ya kazi wageni wakiwa hawapo, na mlinzi aliyewekwa pale na Direkta, ambaye mkewe alikuwa mmoja wao, aligeuza uso. Walijenga kuta zao, wakachota maji tangu asubuhi. Nami nilichota. Chini tulikuta mchanga, vifuniko vya chupa na kandambili moja ya mtoto. Hapakuwa na kambare hata mmoja. Binti mmoja aliyekuwa na mimba kubwa alikaa ukingoni akaanza kulia, na mke wa mlinzi akatupa bakuli lake akauliza, "Nani njo alifungula fundo?" Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia. "Njo miye," alisema. "Nilifungula miye." Tangu siku ile fundo alipewa mwanamke mwingine, wa kijito kingine cha mbali, na mama hakuitwa tena kwenye uvuvi wowote hadi alipokufa. Wiki chache baadaye Direkta alihutubia mkutano wa chama, akaeleza kwa nini Kamulila haina samaki: "Ni hawa wamama njo wanamaliza samaki." Tulipiga makofi. Ilikuwa lazima kupiga.

Wageni wenyewe walidumu viangazi viwili tu, wakachoka napo, wakatafuta pengine. Kamulila leo ni mfereji wa mchanga. Mvua ikinyesha unajaa na kuparua mashamba, ikikatika unakauka, na wanaopita hapo wanadhani ulikuwa hivyo siku zote. Mimi nimekuwa mzee na hasira haijazeeka. Namkasirikia yule bwana wa abakosti, nawakasirikia wenye mahema, na namkasirikia mtoto yule wa mstari wa mbele, ingawa wanangu husema nimsamehe.

Mwezi uliopita alikuja kijana mwenye viatu vizuri na daftari, mwenye adabu kabisa. Aliniamkia, akakaa kwenye mkeka, akaniambia wanaandaa utalii mpya, wa kuhifadhi mazingira, si kama ule wa zamani. "Mama, wanatuambia weye unajua hii pori yote," alisema. "Fasi gani maji ingali muzuri, yenye watu hawajaharibu?" Ipo. Ni mwendo wa nusu siku, magogo yamelala ndani, maji meusi kama chai ya mkandaa, na binti yangu ndiye anayefunga kuti pale siku hizi. Kijana alisubiri, kalamu mkononi. Mimi nilikuwa nimekalia mkono wangu wa kuume. "Haiko, mwanangu," nilimjibu. "Tulisafisha yote."