Jogoo Niliyewachinjia Wageni wa Nairobi

Wasomaji, leo nakiri. Chama cha wafanyabiashara wa Nairobi, wale hutafutia jiji lao soko na bidhaa kila pembe, walikuja Misikhu kuona kuku wa kikundi chetu cha vijana. Hao watu niliwapenda hata kabla sijawaona! Mimi nilipewa kazi ya kupika, na kwetu mgeni mkubwa hachinjiwi kuku mdogo. Nikachagua jogoo mkubwa kuliko wote.

Mwenyekiti wao, mama mpole ajabu, alikula mapaja mawili akanisifu. Aliponawa, akatoa picha kwa mkoba.

"Haya vijana, tuonyesheni huyu jogoo. Hoteli za jiji zinataka kuku wa mbegu yake."

Wenzangu wakanigeukia. "Wafula, si ulikuwa naye asubuhi?"

Nikaangalia mifupa kwa sahani. "Mama, ndiye huyo."