Barua ya Mkwe Niliyoisahihisha kwa Kalamu Nyekundu

Makosa ni yangu, msinitafutie wakili! Miaka hiyo ya tisini, tukisoma gumbaru, yale masomo ya watu wazima, usiku pale Homa Bay, ilivuma kwamba posta kuna afisa anayefungua barua zote za Kiingereza. Ukichanganya yale maneno yanayotamkwa sawa na maana ni mbali, unaandikwa kitabuni, na ukoo wako mzima haupati kazi hadi wajukuu! Niliamini, jamani! Niliamini kuliko mahubiri.

Nilipofaulu mtihani, kijiji chetu cha Kosele kizima kilinikoma. Nilisahihisha vibao vya hoteli, hata kadi za mazishi. Watu wakiniona wanaficha karatasi.

Wakati huo nilikuwa nimemposa Akinyi wa Sindo. Baba yake, mzee wa kuuza samaki, alisikia mkwe ni msomi. Akajikaza, akaniandikia barua kwa Kiingereza, kunialika kwake. Ole wangu! Ameanza na "Deer son", kumbe mimi ni swala! Halafu "next weak", wiki dhaifu. Kukutana ameandika "meat", nyama hiyo!

Nikaona wanangu wameangamia kabla ya kuzaliwa. Nikazungushia kila kosa wino mwekundu. Chini nikampa mbili kwa kumi, nikaandika: "Rudia." Nikairudisha kwa posta, ili yule afisa aone tumejisahihisha.

Wiki haikuisha, mshenga wetu, mama mmoja mkali, akanivamia.

"Umemfanya nini mzee wa watu?"

"Nimemsaidia, mama."

"Umemsaidia! Barua ya ukweni inarudishwa? Ukiirudisha umesema binti humtaki! Siku tatu mzee ameandika hiyo barua, na iliporudi akaifungua mbele ya ndugu zake akidhani ni jibu. Amesema hivi: ukaoe dikshonari!"

Nilikimbia Sindo kuomba msamaha. Kaka zake Akinyi wakanizuia langoni. "Mwalimu, mbuzi wetu anakohoa vibaya, msahihishe!" Mzee hakutoka. Akinyi naye alichungulia dirishani, akafunga.

Aliolewa na fundi wa nyavu asiyejua kusoma hata saa. Wanapendana, nasikia. Inaniuma mpaka leo!

Wasomi wenzangu, mtu akijikakamua kukuheshimu kwa lugha isiyo yake, meza makosa yake kama dawa chungu, ushukuru!

Mimi sikushukuru. Nilienda posta na hasira zangu, nikamfokea karani afute jina la mzee kitabuni, maana kitabu hicho ndicho kilichoniponza.

Akanitazama juu mpaka chini.

"Omera, ndugu yangu, kitabu gani? Sisi hapa tunasoma anwani tu."